Tuta Nililolinyoosha kwa Kamba

Mimi ni fundi cherehani, na ugonjwa wetu mafundi cherehani ni kupenda mstari ulionyooka. Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa na cherehani yangu barazani kule mjini Lipangalala, suruali mbili za kitambaa kizuri, na mapenzi mazito kwa binti mmoja wa Idete ambaye shamba la baba yake lilipakana na letu. Nasema letu, ingawa lilikuwa la marehemu baba. Mimi nilikwenda msimu wa kulima na msimu wa kuvuna tu, na kila nilipofika nilitafuta kivuli kabla ya kutafuta jembe.

Kati ya mashamba yale mawili ya mpunga kulikuwa na tuta la mpaka lililonizidi umri. Lilitoka barabarani likienda vizuri, halafu katikati likapinda na kupita juu ya kichuguu kikubwa ambacho mchwa walikihama zamani. Kichwani mwa kichuguu palisawazishwa, na kila mpunga ulipochanua lilisimamishwa pale dungu, jukwaa la miti la kuamia ndege wasile mpunga. Mtu mmoja akikaa juu aliona mashamba yote mawili, kwa hiyo mama yangu na marehemu mama yake yule binti walikuwa wakipokezana. Masika mto ulifurika na kulila tuta, na mvua za kwanza zikilainisha udongo lilipandishwa upya.

Mwaka ninaousimulia posa yangu ilikuwa imepelekwa na mzee, baba yake binti, hajajibu. Alikuwa mgane, wanawe wa kiume wamehamia Mang'ula, na binti ndiye pekee aliyebaki naye nyumbani. Mimi sikuyafikiria hayo. Niliamini ananipima, kwa sababu watu wa Idete walisema, tena si kwa kunong'ona, kwamba fundi cherehani jembe haliwezi.

Niliposikia mzee amekwenda msibani Mahenge, nikaona hapohapo ndipo pa kumwonyesha. Nilipanda baiskeli na jembe langu na kamba, nikapigilia vijiti, nikavuta kamba, nikalipandisha tuta lote peke yangu mpaka likanyooka kama pindo la kanzu. Pale linapopinda, mimi sikupinda. Nilikata upande wetu, kichuguu kizima na kipande cha shamba vikaangukia kwa mzee, na nikajiona mkwe mkarimu kuliko wote bondeni. Viganja vilitumbuka malengelenge. Nilimwonyesha kila mpita njia aliyefanya kosa la kunisalimia.

Mzee aliporudi, posa nayo ilirudi.

Aliileta mshenga, amenuna, akasema mzee amekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuuliza ni lini yeye aliwahi kusogeza mpaka wa mtu. Sikuelewa. Mama, niliyekuwa nikiishi naye, alielewa kabla mshenga hajamaliza, akajifunika uso kwa khanga. Nilidhani analia, kumbe anacheka, na baadaye akalia kweli. Alinieleza kwamba kwetu tuta la mpaka hupandishwa na watu wawili, kila mmoja kasimama kwake, wakitazamana, kila mmoja akichota udongo wa upande wake. Anayelipandisha peke yake jirani akiwa hayupo anakitangazia kijiji kwamba jirani ni mwizi wa ardhi. Na juu ya hayo, kumwachia kipande cha shamba ni kumwambia achukue basi, si ndicho alichokuwa anakitaka. Nilimuuliza mbona hakunifundisha. Alisema alinifundisha, ila mimi nilikuwa kivulini.

Nikaenda Idete nimevaa suruali nzuri, sijui ili inisaidie nini. Binti alikuwa uani anatwanga. Hakunipa kigoda.

"Baba anaona umemwita mwizi," alisema. "Mimi naona ulikuwa unaringa tu. Bado sijajua lipi baya zaidi."

Nikasema nitalibomoa. Akasema nilibomoe baba yake akiwepo, na kamba niiache hukohuko Lipangalala.

Kesho yake asubuhi mzee alikuja shambani akasimama upande wake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba ambayo niliikisia zaidi ya kuisikia. Nilibomoa kazi yangu yote mbele yake, na nakiri roho iliniuma, lilikuwa tuta zuri. Kisha nikachota udongo wa kwetu, nikauweka palipopita tuta la zamani, nikangoja. Niliogopa sana. Kwa mara ya kwanza niliona wazi kwamba naweza kumkosa yule binti, na kwamba simtaki mwingine. Ndipo jembe la mzee likashuka upande wake.

Kazi ile ina ubaya mmoja. Mkiinama wote, vichwa vinakaribiana na huna pa kuficha uso. Mzee alinikosoa udongo, alinikosoa ninavyoushindilia kwa kisigino, alinikosoa hata ninavyopumua. Tulipofika kwenye kichuguu tukapinda bila kuulizana. Hapo nikaona nitoe hotuba niliyoiandaa njiani, kwamba tukishakuwa ndugu tuta hili tuliondoe kabisa, liwe shamba moja, na mimi nitakuwa nikimlimia. Mimi, na viganja vile.

Mzee aliegemea mpini.

"Mshenga arudi, tutaongea," alisema. "Binti utamchukua. Tuta libaki."

Nikamuuliza kwa nini.

"Wewe unakaa mjini, mwanangu. Likiondoka, utakuja kwangu kwa sababu gani?"

Nikainama nikachota udongo mwingine wa kwetu. Nilimpenda mzee yule palepale, matope mpaka magotini, kuliko nilivyowahi kumpenda binti yake. Miaka michache baadaye nilimwambia mke wangu hivyohivyo, nikitegemea atakasirika. Hakukasirika. Aliniuliza mvua zimeanza tangu lini, na mbona mimi bado niko kwenye cherehani.