Kovu la Mwendwa

Nzomo alifundisha historia miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu alirudi Kola, akaandika riwaya ya vijana wawili wa Kikamba waliobeba pembe za ndovu hadi pwani enzi za misafara. Nakala hamsini zilichapishwa mjini Machakos, na ya kwanza akampa Mwendwa, mwashi, jirani na rafiki yake tangu walipopashwa tohara pamoja.

Macho ya Mwendwa hayakuyaweza maandishi madogo, kwa hiyo mkewe, Ndila, ndiye aliyemsomea. Wakafika pale kijana mmoja anapomfunga mwenzake jeraha la paja, kisha anamtazama akioga mtoni mpaka njaa inamtoka. Sura nyingine zote Nzomo alizitafutia ushahidi kwa wazee. Hiyo aliiandika kwa mkao mmoja, bila kumuuliza mtu. Ndila akatazama kovu kwenye paja la mumewe, kisha uso wake, akakifunga kitabu.

Jumapili, watu wakitoka misa, Mwendwa alimkabili Nzomo langoni mwa kanisa.

"Hii kovu umeandika ni ya nani?"

"Ni hadithi ya watu wa zamani, Mwendwa."

"Watu wa zamani ndio walianguka kwa shimo la mawe na mimi? Si ni wewe ulinibeba? Si ulinifunga na shati yako?" Alijipiga paja. "Niko na watoto sita, Mwalimu. Niko na wajukuu. Sasa bibi yangu ananiuliza tulikuwa tunafanya nini huko."

Nzomo angeweza kujibu kwamba hawakufanya lolote, na ingekuwa kweli. Hawakufanya lolote, hata siku moja. Lakini watu walikuwa wamesimama wakisikiliza, na kiburi kikamtangulia.

"Mimi niliandika mto tu. Wewe ndiye umejiona ndani."

Kofi la Mwendwa liliirusha miwani yake. Mtu mmoja akacheka. Katekista akageukia ukuta kana kwamba anasoma tangazo. Nzomo alipapasa chini peke yake mpaka akaiona.

Kesho yake Mwendwa aliziba kwa miiba njia iliyounganisha boma zao. Miaka yote walilima kwa plau moja, kila mtu akitoa fahali mmoja; wiki hiyo Mwendwa alimuuza fahali wake kwa Kulmiye, mchuuzi wa mifugo, bila hata kupatana bei. Mvua iliponyesha, Nzomo alishika jembe. Ng'ambo ya miiba alisikia jembe la pili.

Siku ya tatu walifika mpakani kwa wakati mmoja.

"Sikuandika uongo," Nzomo akasema kwa sauti ya chini.

Mwendwa hakuinua kichwa. "Ndiyo sababu siwezi kukusamehe."

Akatema mate, akampa mgongo, akaendelea kulima kuelekea kwake.