Mzee Aliyekataa Dripu

Juma lililopita nilikuwa katika kituo kimoja cha afya huku Kibiti, nikimuuguza mjomba aliyelazwa kwa presha. Kitanda cha pili alilala mzee wa Kimatumbi aliyehara siku mbili, macho yamezama, midomo imekauka. Muuguzi mpya, binti mwenye wiki moja kazini, akamletea dripu.

"Usiogope babu, ni maji tu."

Mzee akaukunja mkono kifuani. "Maji sitaki, mjukuu wangu. Babu yangu alipewa maji, akaambiwa risasi za Mjerumani hazitamwingia. Akaenda vitani, hakurudi."

Mwanawe aliyekuwa akimuuguza akamsihi, wapi! Sauti ya mzee ilizidi kufifia. Nilidhani yule binti atafoka, au ataita watu wamshike. Akaweka sindano kwenye sinia, akachuchumaa hadi macho yao yakalingana.

"Pole, babu. Haya yana chumvi, yanarudisha yaliyokutoka. Hayazuii risasi. Hata kupona siwezi kukuahidi. Ukisikia baridi au kuwashwa, niambie, nayafunga palepale. Siondoki."

Mzee akaunyoosha mkono. "Aliyempa babu yangu hakusema hayo."

Jioni mzee aliomba uji.

Enyi mnaoanza kazi ya uuguzi, kuupata mshipa mtajifunza kwa mazoezi. Ila msimwahidi mgonjwa msichoweza kumpa. Huku kwetu ahadi imewahi kuua watu.