Nguzo ya Njia Panda

Mshonaji wa pale njia panda hushona huku sikio lake likiwa barabarani. Njia ya baiskeli imepakwa rangi ikapendeza, lakini mbele ya kibanda chake inaishia kwenye nguzo ya umeme. Aliyeichora huenda alidhani baiskeli zinaruka. Anayeikwepa nguzo anaingia katikati ya malori. Basi kengele ikilia, mguu wa mshonaji huacha kukanyaga cherehani, na pini zikiwa bado mdomoni, hupaza sauti: "Shuka, mwanangu! Sukuma!" Nao hushuka. "Shikamoo, mama," humwambia wakisukuma. "Marahaba," hujibu, macho yakikagua kifungo kilicholegea, pindo lililofumuka. Nyumbani kwake hakuna wa kumwamkia.

Juzi wakaja mafundi, wakaing'oa nguzo, wakainyoosha njia. "Sasa koo lako litapumzika, mama," wakamtania, naye akacheka nao. Jana asubuhi kengele ikalia. Mguu ukasimama. Baiskeli ikapita kama mshale, mwenyewe hata shingo hakugeuza. Mshonaji akazitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kitambaa moja moja, kisha akasema polepole, "Marahaba."