Bwana Hapana Aomba Kufunguliwa

Pale chuoni walimwita Bwana Hapana, na jina lilimkaa. Alikuwa mkuu wa mifumo ya kompyuta na katibu wa kamati inayoisimamia. Ukimwomba nywila ya mwenzako aliye safarini: hapana. Mkuu wa chuo alipotaka mpwa wake aingie kwenye mfumo wa matokeo "kuangalia tu", aliambiwa hapana, na chai yake hakuimaliza. Kanuni aliyoipenda kuliko zote aliitunga mwenyewe: mtumishi akiondoka kazini, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo, na baada ya mwezi kila kilichomo kifutwe. Watu walibembeleza mpaka wakachoka. Yeye aliwaonyesha kifungu.

Siku yake ya kustaafu hakungoja kufungwa na mtu. Kabla keki haijakatwa, aliifunga akaunti yake kwa mkono wake, mbele ya wafanyakazi wote, akijisikia raha kama bwana harusi. Walimpigia makofi. Wachache, tuseme ukweli, walipiga kwa furaha iliyozidi kiasi.

Wiki ya pili nyumbani, akipekua picha za marehemu mkewe, alikumbuka jambo. Mkewe alizoea kumtumia ujumbe wa sauti kwenye barua pepe ya kazini, maana huko ndiko alikokuwa na uhakika wa kumpata. Jumbe hizo zote zilikuwa humo, na mwezi ulikuwa unayoyoma.

Akaenda mbio chuoni. Naibu wake, ambaye sasa ndiye mkuu, alisimama kwa adabu na kumvutia kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nifungulie dakika moja tu."

"Hapana, mzee wangu. Peleka ombi kwenye kamati. Si wewe uliyenifundisha?"

Aliudhika. Pia alijivunia mwanafunzi wake, jambo lililomuudhi zaidi.

Kamati ilipokaa, wajumbe walikuwa wamewahi kuliko siku zote. Hakuna aliyetaka kupitwa.

"Hebu tukumbushe, katibu wetu wa zamani," mwenyekiti alisema, akijikaza asicheke. "Kanuni inasemaje?"

Angeweza kuipindisha kidogo. Hakuweza.

"Inakataa."

"Hakuna nafasi ya huruma?"

"Ilipendekezwa. Niliipinga."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwenyekiti akafuta machozi, kisha akauliza kilichomo humo ni nini hasa.

"Sauti ya mke wangu," alisema. "Sina nyingine."

Kicheko kikakatika. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa mkutubi mstaafu, mama aliyewakilisha wastaafu kwenye kamati.

"Afunguliwe," alisema, "na kanuni ibadilishwe. Kila anayeondoka apewe vitu vyake kwanza."

Mikono yote ikapanda.

Alimfuata yule mkutubi kwenye korido kumshukuru. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mama huyo naye aliwahi kumjia ofisini baada ya kustaafu, akasimama mlangoni muda mrefu.

"Dada, ulikuwa unataka nini siku ile?"

"Picha za mama yangu. Zile za mwisho."

"Twende tukazitafute. Sasa hivi."

"Zilishafutwa, kaka. Siku nyingi."

Mkutubi akamgusa bega.

"Nenda kamsikilize mkeo," alisema, "kabla hawajafunga ofisi."