Kigari cha Mama Kinachongoja Mbalamwezi

Kwa karibu mwaka mzima, gari la Mama lilikuwa la kuku. Lilikaa kando ya jiko, kwetu kilimani, juu ya ufuo mmoja usio mbali na Muhuru Bay, na jogoo alilala juu ya usukani kana kwamba ana leseni. Mama aliokota mayai kwenye kiti cha nyuma, kiti kilekile alichobebea wanawake wenye uchungu wa kuzaa enzi zake za unesi. Wawili hawakuwahi kufika hospitalini, wakajifungulia humo humo. Watoto wale sasa ni wanaume wenye ndevu, na kila wakikutana na Mama humwamkia kwa heshima zaidi kuliko sisi aliotuzaa.

Kaka yangu mkubwa, anayeishi Nakuru, hakuona cha kuchekesha katika kuku hao. Mama ana presha na nyonga mbovu. Kliniki yake iko Migori mjini, ninakoishi mimi na cherehani yangu, na matatu hazipandi kilima chetu. Gari lilipokufa alijaribu pikipiki, ikamwangusha, na tangu siku hiyo akaapa hatapanda tena. Akakosa kliniki, kisha akakosa tena. Ndipo Kaka akanipigia simu.

"Mwaka usiishe hivi," akasema. "Kama hawezi kujifikisha kliniki, nitakuja kumchukua."

Kumchukua ni kumpeleka Nakuru akaishi kwenye chumba cha ghorofani, na boma letu lifungwe, kaburi la Baba likiwa ndani yake. Kwa watu wa kwetu mama mjane ndiye moto wa boma. Akiondoka, hata jirani hukata kona asipite hapo. Nilimpa Mama habari hiyo nikitarajia anirushie mwiko. Hakubisha. Aliendelea kuchambua mboga, akasema, "Haya." Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli, maana Mama ni mtu wa kubishania hata kitu anachopewa bure.

Gari lenyewe liliuawa na petroli ya chupa. Kituo cha mafuta kiko mbali, kwa hiyo kama wengine tulinunua ile inayouzwa kando ya njia kwenye chupa za soda, inayosemekana imetoka mpakani na ambayo nusu yake huenda ni mafuta ya taa. Injini ikaanza kukohoa. Kisha jirani yetu, mkaanga samaki mwenye moyo mzuri na masikio marefu, akasikia redioni kwamba magari ya siku hizi yanaweza kutumia mafuta ya kupikia. Kweli yanaweza, ila ni ya dizeli, na mafuta hayo lazima yatayarishwe kwanza. Yeye alimimina ya kwake, yaliyokwisha kukaangia mbuta, chumvi na magamba yakiwemo, ndani ya tangi la gari la petroli. Nilipofika nyumbani wikendi, injini ilikuwa imekata roho na paka wa kijiji kizima wamehamia chini ya boneti. Nilimfokea yule jirani mpaka sauti ikakauka. Siku iliyofuata alituletea mbuta mzima, nikala nikiwa bado nimenuna.

Aliyetutoa hapo ni fundi mmoja wa Homa Bay niliyesoma naye. Alikuwa amegeuza tuktuk kadhaa zikawa za betri, na aliponiambia anaweza kufanya hivyo kwa gari dogo, nilimcheka. Shuleni huyu alikuwa akishindwa kutengeneza hata baiskeli yake. Mama hakucheka. Aliuza fahali wake mmoja aliyempenda, akaomba lori la samaki livute gari mpaka Homa Bay, na yeye akaketi mbele kando ya dereva, ameshika mkoba mapajani kama anayempeleka mgonjwa.

Fundi aling'oa injini yote, akaweka mota isiyozidi sufuria ya ugali wa familia, na betri akazipanga chini ya kile kiti cha nyuma. Siku ya kulichukua tulikwenda pamoja. Mama akaketi, akazungusha ufunguo, akasikiliza. Kimya.

"Limekataa," akasema.

"Mama, imewaka," fundi akamwambia. "Kanyaga tu."

Akakanyaga. Gari likateleza mbele bila mlio, bila mtetemo, bila ule moshi wa bluu tuliouzoea. Mama aliachama, kisha akacheka, kisha machozi yakamtoka huku bado anacheka, na mimi nikalia kwa sababu sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu tulipomzika Baba. Fundi alijifanya anatafuta spana.

Shida ikawa moja: hakuna aliyelisikia likija. Mbuzi hawakuondoka njiani, wala wanawake waliobeba ndoo kichwani. Kwa hiyo Mama akaanza kupiga honi, na hajaacha mpaka leo. Hupiga akianza safari, akikata kona, akimpita mtu, na akimwona mtu mbali ambaye hata hana nia ya kumkaribia. Kijijini wanasema gari lenyewe halina kelele ila mwenyewe anayo ya kutosha.

Nguzo za stima hazijafika kilimani kwetu, ingawa kila uchaguzi tunaambiwa ziko njiani. Lakini chini ufuoni kuna kibanda ambacho paa lake lote ni sola. Ndipo wavuvi wa omena, dagaa wa ziwa letu, wanapochajia taa zao. Nilipokuwa mtoto walitumia karabai za mafuta ya taa, na alfajiri Baba alirudi na masizi puani na kikohozi kisichoisha. Siku hizi taa ni za betri, na wavuvi hurudi na nyuso safi. Mtunza kibanda ni Mkuria kutoka upande wa Isebania, kijana mpole. Mama huongea naye Kiswahili chenye Dholuo ndani, naye humjibu Kiswahili chenye Kikuria ndani, na wanaelewana kuliko mimi na jirani zangu wa mjini.

"Leta tu gari, Mama," alimwambia. "Saa hii taa zimelala, moto iko mingi."

Hatukuuliza kwa nini taa zimelala. Mama alichaji gari mpaka likashiba, akaenda kanisani, akaenda sokoni, akaenda kumwona dada yake ambaye walikuwa wameonana kwenye matanga tu. Nilimpigia Kaka simu kwa majivuno. Njoo siku ya kliniki, nikamwambia, uone mwenyewe mama yako akijiendesha mpaka Migori.

Kaka alikuja, na jioni aliyofika ndiyo Mama aliyoteremka ufuoni kuchaji. Mimi nilikuwa ndani ya gari. Tulikuta taa zimepangwa kibandani, zimefurika mpaka nje, kila moja na waya wake, na kijana wa watu amejishika kiuno.

"Aki Mama, pole," akasema. "Giza imeingia. Moto yote ni ya taa. Boti zote zinatoka."

Nilitamani ardhi inimeze. Omena hufuata taa kwenye usiku usio na mwezi. Mwezi ukiwa mkubwa hutawanyika majini, na wavuvi hukaa nyumbani wakishona nyavu. Kila mtoto wa ufuo ule anajua hivyo kabla hajajua kuhesabu. Na Mama! Mama alikuwa mke wa mvuvi wa omena. Ndoa yake yote aliipima kwa mwezi: mbalamwezi mume yuko nyumbani, giza mume yuko ziwani. Sisi wawili, kati ya watu wote, tulisahau. Furaha ya gari ilikuwa imetuziba macho.

Asubuhi Mama hakutaka kusikia la mtu. Alisema moto uliobaki kwenye betri utatosha. Aliondoka akipiga honi, mimi ubavuni mwake, Kaka akitufuata nyuma na gari lake. Tulivuka bonde, tukaanza kupanda, na katikati ya mlima gari likapunguza mwendo, likapunguza tena, likasimama kimya kama lilivyokuwa likitembea. Honi peke yake ndiyo iliyobaki na nguvu. Kaka akateremka na viatu vyake vya ofisini, akalisukuma pembeni akisaidiwa na watu waliokuwa wakienda shamba, matope yakampaka mpaka magotini.

"Basi," akasema akihema. "Mama, ukitoka kliniki tunarudi kufunga vitu."

Mama alipanda gari la Kaka. Njia nzima mpaka Migori alitazama nje, na mimi nilikaa nyuma nikijilaumu na kumlaumu fundi, jirani, mwezi, kila kitu isipokuwa barabara, kwa kuwa hiyo nilikuwa nimeshailaumu jana yake.

Kliniki tuliingia sote watatu. Nesi, msichana mdogo, alimpima presha, akampa dawa, akashika kalamu kumwandikia siku ya kurudi. Mama akamshika mkono.

"Nyara," akamwambia, yaani binti yangu, "usiniandikie mwezi ujao hivihivi. Nipe siku yenye mwezi."

Nesi akanitazama mimi, akadhani mzee amechanganyikiwa. Mama akamweleza habari ya taa, omena na gari, akianza mwanzo na bila kuruka kitu, na foleni ya nje ikaanza kuguna. Nesi akasikiliza. Kumbe na yeye alizaliwa ufuoni, binti wa kisiwa cha Remba. Akacheka mpaka akaegemea meza, kisha akafungua kalenda ya simu yake, akatafuta mbalamwezi, akamwongezea dawa za kumfikisha hapo. Basi, mambo yakaisha. Jambo tulilokuwa tayari kulifungia boma lilichukua muda wa kunywa chai.

Nje, Kaka hakuwa ameridhika. "Na hiyo siku ikifika, Mama, nani anajua kama utaweza kuja?"

"Mwezi haujawahi kukosa kuja," Mama akasema. "Wewe Krismasi umekosa mbili."

Sikuthubutu kucheka. Kaka aliinama akaanza kukwangua matope kwenye kiatu kwa kijiti, akakwangua kwa muda mrefu kuliko matope yalivyohitaji. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu.

"Baba naye alikuwa anakuja na mwezi," akasema.

Alimrudisha nyumbani jioni ile, akilivuta gari la Mama nyuma kwa kamba. Hakufunga kitu chochote. Kabla ya kuondoka alikwenda kung'oa nyasi kwenye kaburi la Baba, na Mama akamsimamia akimwonyesha alizoziacha.

Sasa kila mbalamwezi Mama hushuka Migori. Hulala kwangu, na gari huchajiwa kwa waya ninaoupitisha dirishani, pembeni ya cherehani, mpaka wapangaji wenzangu wamezoea kuuruka. Huniletea omena aliyoikausha wakati wa giza, kwa hiyo hakuna nusu ya mwezi inayopotea bure. Presha yake imetulia. Mjini nilikuwa nimeacha kutazama juu, maana taa za barabarani zinatosha. Siku hizi mwezi ukianza kunenepa ninanunua mkate mkubwa, kama Mama alivyokuwa akinunua tulipokuwa wadogo, jioni ambazo Baba alikuwa hatoki.

Juzi nikiwa ninaukata mkate huo, Kaka alipiga simu kutoka Nakuru.

"Ninauona huku," akasema, bila hata salamu. "Ameshafika?"

Nikaisogeza simu dirishani asikie honi.