Miguu ya Susu

Mwelekezi wa filamu alipokuja kwetu Kalama mara ya kwanza, alinikazia macho usoni kupita kiasi, kama wanavyofanya watu wanaojikataza kuangalia mguu. Nikamwonea huruma. Nilimwambia kama anataka kuutazama autazame tu, tumalize hiyo, tuendelee na chai. Akacheka, na tangu hapo tukaelewana.

Alikuwa kijana wa Syokimau, wa nywele za rasta na raba nyeupe ambazo udongo wetu ulizimaliza siku hiyo hiyo. Alikuwa ameniona kwenye tamasha la drama nikiwafundisha wanafunzi wangu kusimama jukwaani, na mimi mwenyewe nimesimama kwa gongo, akapata wazo. Alitaka kutengeneza filamu fupi kwa uwezo wake na wa marafiki zake, bila kampuni wala mfadhili wa kumwambia aweke nini na atoe nini. Ingehusu siku moja ya mwalimu mwenye mguu kama wangu. Na alitaka niigize mimi, si mrembo wa mjini anayejifunza kuchechemea mbele ya kioo.

Nilimpa hotuba. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na ulimi wangu hauna breki. Nilimwambia nimetazama filamu nyingi, na kila mtu mwenye mwili kama wangu anapoingia kwenye picha, muziki unabadilika. Anaombaomba barabarani, au ana kinyongo na dunia nzima, au mwishoni anaombewa na kutupa magongo mbele ya watu wanaolia. Nilidhani wanaotengeneza filamu kwa uhuru wao wangekuwa tofauti, kisha nikagundua wengi wao wanafanya yale yale, ila kamera inatikisika. Kwa hiyo nikamwekea masharti. Hakuna kinanda cha huzuni. Hakuna maombi wala muujiza. Hakuna mtu wa kunibeba. Na mguu ukionyeshwa, uonyeshwe kama mkono au sikio linavyoonyeshwa, basi.

Alikubali yote, na hakuvunja hata moja. Hilo nalisema kwa haki yake, kwa sababu kuna siku nilimtukana nikasahau kulisema.

Nyanya yangu, mama wa baba, tunamwita susu, kama Wakamba wote. Boma lake liko chini ya letu, hatua chache tu kwenye mteremko. Baba alishafariki, kwa hiyo kwenye ule mteremko tumebaki wanawake watatu: susu, mama na mimi. Susu amepita miaka themanini, na hadi mwaka huo alikuwa akipanda kile kilima miguu mitupu akiwa na mtungi wa maji mgongoni, bila kupumzika mahali. Mama, mkaza mwanawe, alikuwa akimfuata nyuma akihema. Mimi nimerithi jina la susu, maana kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba, na mwenye kurithi jina si mjukuu tu, huhesabiwa kuwa ni yeye mwenyewe. Mama akinigombeza tangu utotoni alikuwa akijikumbusha kwamba anamgombeza mama mkwe wake, na wote walikuwa wakicheka.

Kuhusu mguu hakuna siri. Nilikuwa mtoto mchanga, nikashikwa na homa, nikapelekwa zahanati, nikadungwa sindano mahali pabaya. Mshipa wa fahamu ukaumia, na mguu wa kulia ukaacha kukua pamoja na mimi. Daktari mmoja wa mjini Machakos alinieleza hivyo nikiwa sekondari, akinichorea kwenye kipande cha karatasi. Nyumbani hakuna aliyeshangaa, kwa sababu walikuwa wakilijua hilo siku zote.

Yule kijana alipomwona susu, alisahau kilichomleta. Alimwomba apande kilima mbele ya kamera. Susu aliuliza kitu kimoja tu, kama avae viatu, na alipoambiwa hapana akapanda, akashuka, akapanda tena, hadi mpiga picha ndiye aliyeomba maji. Walipiga picha nyayo zake peke yake, zile nyayo pana zilizopasuka kisiginoni, zikikanyaga mawe bila kuchagua. Siku nyingine wakanipiga picha nimeketi kando ya kitanda asubuhi, mguu wangu umelala juu ya ule mzima. Hakukuwa na muziki wala machozi. Nilifurahi sana siku hiyo.

Kijana alikuwa ameahidi kwamba kabla ya kuipeleka filamu popote, watu wa Kalama wataiona kwanza. Ikaonyeshwa mchana katika ukumbi wa kanisa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, na shuka jeupe limetundikwa ukutani. Susu aliketi mbele kabisa, karibu na mama. Watu walicheka walipoona mbuzi wanaowajua na lango la mama muuza mboga. Nilipoonekana darasani nikimfokea mwanafunzi, ukumbi ulishangilia, na mimi nikajipa sifa kimoyomoyo.

Halafu zikaja nyayo za susu. Zilijaa ukutani, kubwa kuliko mtu, zikipanda. Hapakuwa na sauti ila ya changarawe. Zikapanda kwa muda mrefu, zikafika juu, na picha iliyofuata ilikuwa mguu wangu, umekonda, umelala kitandani, hausogei. Susu alikuwa akicheka kwa furaha ya kujiona. Hakuna mwingine aliyekuwa akicheka.

Nyuma yangu mwanamke mmoja alisema polepole, kwa Kikamba, "Kumbe ulienda hapo."

Sikuelewa mara moja. Nilidhani anamwambia jirani yake kuhusu safari fulani. Kisha nikaelewa. Alikuwa akizungumzia mguu wangu. Alikuwa akisema kwamba sasa ameona ulikokwenda: kwa susu.

Yule kijana hakuwa ameandika neno lolote la uchawi. Aliweka picha mbili kandokando, ya kikongwe mwenye nguvu na ya mwanamke kijana asiye nazo, akaona uzuri. Hakujua kwamba wale wawili wana jina moja, na kwamba mbele ya watu wetu ni kama alikuwa amesimama akatoa ushahidi. Mtu wa Syokimau angejuaje? Na mimi niliyezaliwa hapa nilikuwa nikishughulika na kinanda.

Wiki ya kwanza ilipita kimya, nikajidanganya kwamba limekwisha. Kisha watoto waliokuwa wakimwibia susu mapera wakaacha kuiba. Mapera yakaanguka yakaoza chini, na susu akaniuliza kama shule zimebadilisha saa. Kisimani, akitua mtungi wake, wanawake walikumbuka kazi nyumbani mmoja mmoja. Walimsalimu vizuri, tena kwa heshima kuliko zamani, na hiyo heshima ndiyo iliyoniogopesha.

Wanawake wa kwetu wana mwethya, kikundi cha kulimiana kwa zamu. Leo wote wako kwako wakichimba matuta, kesho wote wako kwa jirani, na kwako kazi ni kupika tu. Zamu ya susu ilipofika, aliamka mapema akabandika chungu kikubwa cha muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakachanganywa na maharagwe, akapanga sahani kwenye mkeka na kuzifunika kwa leso. Nilipotoka shule jioni, chungu kilikuwa kimejaa kama kilivyokuwa. Sahani zilikuwa bado zimepangwa. Susu alikuwa shambani akichimba peke yake. Aliniambia labda wamekosea siku, na hakunitazama alipokuwa akisema hivyo.

Nilishikwa na hasira. Nilienda kwa kiongozi wa kikundi, akaniambia watu walikuwa na mambo ya nyumbani. Nilipomwuliza kama ni wote kwa pamoja, alisema, mwalimu, wewe ndiwe tunakuonea huruma.

Wakati huo kipande kile kilikuwa tayari kwenye simu. Mtu alikuwa amerekodi ukutani zile nyayo na ule mguu, akakata mengine yote, na kikawa kinatumwa kutoka kundi moja hadi jingine bila maelezo. Mwenzangu wa shuleni alikipokea kutoka Katangi, na binamu yetu aliyeolewa Kivaa akampigia mama kumwuliza. Sote tumesikia habari za wazee waliochomewa nyumba, na kila mara zilikuwa habari za mahali pengine. Nilianza kufikiri kwamba kule Katangi na Kivaa, mahali pengine ni sisi.

Nilimpigia mwelekezi nikamwambia aziondoe zile picha kabla filamu haijaonyeshwa tena. Alinisikiliza, akapigwa na butwaa, akaapa hakumaanisha hivyo. Kisha akasema, "Lakini aki mwalimu, hiyo ndio roho ya filamu. Nikiitoa itabaki nini?"

Hapo ndipo nilipomtukana. Baadaye aliitoa, nafikiri kwa uchungu. Haikusaidia kitu, kwa sababu ile iliyokuwa ikizunguka haikuwa tena yake.

Mwenyekiti wa ukoo aliitisha kikao Jumamosi, nyumbani kwake. Kulikuwa na chai na mkate uliopakwa siagi. Alisema kwa upole kwamba hakuna aliyeshtakiwa, na hakuna jina litakalotajwa, ila maneno yakizidi ni vizuri kuyasafisha mapema kabla vijana hawajayachukua mikononi. Aliposema vijana, watu waliangalia vikombe vyao. Susu alikuwa ameketi kwenye benchi, amevaa gauni la kanisani, miguu ameivuta chini ya benchi isionekane.

Nikasimama nikaeleza. Nilieleza homa, sindano, mshipa, maneno ya daktari. Nilieleza hata jinsi filamu inavyokatwa na kuunganishwa, kwamba zile picha zilipigwa siku tofauti na hazijuani. Nilizungumza vizuri, nakiri mwenyewe. Mwenyekiti alinishukuru.

"Lakini wewe ulikuwa mtoto wa kubebwa," akasema. "Wacha tusikie mwenye alikuwa huko."

Mama akasimama akajifunga leso upya. Nilitulia, maana hadithi hiyo naijua. Amenisimulia mara nyingi, akijicheka mwenyewe: alikuwa msichana tu, mtoto wa kwanza, hakuweza kustahimili kunisikia nikilia chini ya sindano, akamsihi mama mkwe wake aniingize yeye.

"Tulienda zahanati sisi wawili," mama alisema. "Mimi nikabaki nje. Yeye ndiye aliingia na mtoto."

Akaketi. Nilingoja amalizie. Susu pia alingoja, akimtazama kwa uso wa kumtia moyo, kama unavyomtazama mtoto aliyesahau shairi. Kisha akaona kwamba hakuna kilichobaki.

"Waambie kwa nini ulibaki nje," susu alisema.

Nikaanza kusema mimi, lakini mwenyekiti akainua mkono, akasema tumesikia, akamwomba mmoja afunge kwa maombi.

Jioni hiyo nilimkuta mama jikoni akichagua maharagwe. Sikumpigia kelele, ingawa nilikuwa nimejitayarisha njia nzima. Nilimwuliza tu kwa nini. Aliendelea kuchagua.

"Nilisema uongo gani?" akasema. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Mimi nilikuwa najua. Lakini tangu nione ile picha, sijui tena ni nini nilikuwa najua."

Alikuwa akiogopa, mama yangu. Hakuwa akiogopa watu. Alikuwa akiangalia mlango unaoelekea kwa susu.

Jumatatu nikienda shule niliwakuta watu wamesimama kando ya njia, wakitazama chini ya mteremko. Susu alikuwa akipanda. Alikuwa na fimbo, kitu ambacho sikuwahi kumwona nacho maishani, na alikuwa akiburuta mguu wa kulia. Nilishuka haraka nilivyoweza, nikijua tayari wamempiga. Nikamwuliza nani amemwumiza na wapi. Alinivuta karibu kama anayetaka kuegemea.

"Hakuna," akaninong'oneza. "Wacha wanione hivi."

Amekuwa akitembea hivyo tangu siku ile. Wanawake wawili wa mwethya wamerudi kumsalimu kama zamani, na mmoja alimletea dawa ya kuchua. Mwanzoni nilikuwa nikimwona akinyoosha mguu akishafunga lango lake. Siku hizi anachechemea hata anapowapa kuku chakula, hata akiwa peke yake nyuma ya nyumba, na mguu wenyewe naona umeanza kupinda ndani. Juzi nilimkuta njiani, hapakuwa na mtu mwingine hadi kule chini, nikamwambia aache sasa, anyooke, hakuna anayemtazama.

"Unajuaje?" akaniuliza.

Akaendelea kupanda. Nikamfuata na gongo langu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikalazimika kupunguza mwendo ili nisimpite.