Nyufa Nne kwenye Mcheri wa Shule

Traugott Tschudin hakuwa mtu wa maneno mengi, ila ungemgusia mashine ya biskuti ungejuta. Miaka ishirini na sita aliyokaa katika karakana ya useremala ya mzee Schaub, hakuna aliyeitega mashine ile kama yeye. Ni mashine ya kushika mkononi, kisu chake cha mviringo kimejificha ndani. Unaisukuma kwenye ukingo wa ubao, inachimba mfereji mfupi. Humo unatia gundi na biskuti, kipande chembamba cha mti mgumu chenye umbo la jicho, nayo ikilowa inavimba, na mbao mbili haziachani tena.

Kukata si kazi, kazi ni kutega. Bamba la mbele uliweke kwenye pembe yake na ulikaze. Kifundo cha kupimia kina cha mfereji ukizungushe mpaka namba ya biskuti yako. Halafu ukate kwanza kwenye kipande cha kutupa, uunge, upitishe ukucha. Ukikwama, anza upya. Traugott alianza upya hata usipokwama, wenzake wakamwita bibi harusi, kwa jinsi alivyochukua muda kujiandaa.

Sasa pale karakanani palikuwa na desturi moja. Fundi akisema "nimejaribu", basi yameisha. Kujaribu tena nyuma yake ni kumwita mwongo mbele ya watu, na katika bonde lile la Baselbiet, huko Uswisi, watu wamenuniana miaka kumi kwa dogo kuliko hilo. Aliyeileta desturi hiyo ni Traugott mwenyewe, maskini.

Mwaka 1987 mzee Schaub alitangaza kwamba anastaafu. Upepo ulikuwa umeangusha mcheri, mti wa matunda ya cheri, wa uani mwa shule, na baraza la kijiji likataka mti huo utengenezwe kabati la kutunzia vitabu vyake vya zamani. Ulipatikana ubao mmoja tu mrefu na safi. Ukatwe vipande vinne, kona ziungwe kwa digrii arobaini na tano, mistari ya mti izunguke kabati zima bila kukatika. Mzee alisema mbele ya watu wote, "Tschudin, kabati hili likitoka salama, karakana utaiendesha wewe." Kijiji kizima kilijua. Mke wa Traugott alishaanza kuitwa mama bosi kwenye duka la mikate.

Alhamisi asubuhi, mbao nne zikiwa zimeshakatwa, Traugott akaitega mashine. Alichagua namba kumi, maana mbao zilikuwa nyembamba, na namba ishirini ingepita kona na kutokea upande wa pili. Alijaribu mara tatu. Ilipofika saa tatu akaenda kunywa chai na kula mkate na soseji baridi kama kila siku. Köbi Rudin, fundi mwenzake, alibaki nyuma, akisema anafuta gundi mezani. Huyu Köbi ndiye aliyesimama naye kanisani siku ya ndoa, na ndiye baba wa ubatizo wa bintiye.

"Nimeisogeza mashine yako nikafuta vumbi," Köbi alimwambia aliporudi. "Lakini nimekujaribia. Iko vilevile."

"Namba kumi?"

"We bwana! Si nimesema nimejaribu? Au unataka niape?"

Traugott akacheka. "Haya, yaishe kaka, usinilie hapa."

Akalaza ubao wa kwanza kati ya zile nne juu ya blanketi, uso wake mzuri chini usije ukachubuka, akakata. Mlio ulikuwa mzito kidogo. Aliusikia, naam, aliusikia, lakini neno la Köbi lilikuwa zito zaidi. Akakata mifereji minne, akazima mashine, akaugeuza ubao.

Uso wa mcheri ulikuwa na nyufa nne, nyembamba, zimepangika vizuri. Ubao mwingine wa mti ule haukuwepo duniani.

Akatazama kifundo. Ishirini. Kifundo kile hakitelezi, mpaka ukibonyeze kwa kidole gumba ndipo kizunguke.

"Köbi."

Köbi alikuwa anapiga msasa kipande kisichohitaji msasa. "Kitakuwa kimeteleza tu," akasema, wala hakuwa ameulizwa lolote.

"Kimeteleza? Mimi ndiye niliyekufundisha kukibonyeza, mshenzi we!"

"Usinipigie kelele. Mzee ndiye aliyeniomba." Msasa ukasimama. "Mkwewe anakuja kutoka Basel Jumatatu, karakana ni yake. Mimi nina miaka hamsini na sita, Traugott. Ningekataa, angenifukuza. Nani atanichukua?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini?"

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, kana kwamba kujua hivyo kunapunguza kuwashwa. Traugott alitaka kumpiga, akataka pia kulia, na aibu ya kutaka kulia ikamkera kuliko vyote. Akaubeba ubao mpaka ofisini kwa mzee.

Schaub aliutazama. Hakuuliza imekuwaje. Mtu asiyejua huuliza.

"Kama unampa mkweo, ungeniambia tu," Traugott akasema. "Uniite hapa, uniambie, Tschudin, familia ni familia. Ningekubali. Ningemfundisha hata kuitega mashine. Unanijua, mzee."

"Najua ungekubali."

"Sasa kwa nini uuharibu mti wa watu?"

Mzee Schaub alivua miwani akaifuta kwa shati, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.

"Ningekuambia wewe, ningelazimika kukiambia na kijiji," akasema. "Wangesema Schaub amemnyima Tschudin haki yake, miaka ishirini na sita. Mimi nitazikwa hapahapa, Traugott, lazima niwe na majirani. Sasa watasema tu mkono wako umezeeka."

Na ndivyo walivyosema, kuanzia duka la mikate mpaka kanisani, na walisema kwa huruma.